Mume wangu amekuta kopo la risiti, na ukweli naona aibu kuusema

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 38, mama wa watoto wawili, naishi Arusha. Kazi yangu ni kupika. Nina kibanda cha chakula karibu na Soko la Kilombero, na tenda ndogo ya kupeleka chakula cha mchana kwa mafundi wa ujenzi na ofisi mbili. Siku nzuri natoa sahani 90. Wali nyama ni shilingi 3,000, wali maharage 2,000. Naamka saa kumi alfajiri, na jioni saa kumi ndiyo namaliza kusugua sufuria ya mwisho, halafu narudi nyumbani kupika tena. Sisemi hivi kulalamika. Kazi hii ndiyo imetupa kiwanja na ada za watoto.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukikolea anakaa porini wiki kwa wiki, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, anarudi kubadilisha nguo tu. Masika wageni wanakatika, naye anakaa nyumbani, na miezi hiyo nyumba naibeba mimi. Hatujawahi kugombana kwa hilo.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka jana mwezi wa sita nilipika kwenye kipaimara cha mtoto wa mteja wangu. Akanilipa zaidi ya tulivyoelewana. Jioni nikawa napita barabara ya Haile Selassie, nikaona moja ya zile nyumba za zamani zenye bustani ambazo siku hizi ni migahawa. Sijui nini kilinisukuma. Nikaingia na kitenge changu, miguu ina vumbi. Dada wa mlangoni akaniuliza, "Mko wangapi?" Nikasema niko peke yangu. Akanipeleka kwenye meza ya watu wawili, kisha akaondoa glasi ya pili, uma wa pili, kisu cha pili, taratibu, bila kuvigonganisha. Akanikunjulia kitambaa.

Mshauri, tangu nikiwa binti wa miaka kumi na miwili nawapakulia watu. Sikumbuki ni lini mtu alinitengea chakula halafu akarudi kuniuliza kama nimeridhika. Nilikula supu ya maboga, samaki mwenye ngozi iliyokauka huku ndani akiwa laini kabisa, na kile kitindamlo cha maziwa na mayai chenye sukari iliyounguzwa juu, ukiigonga kwa kijiko inapasuka kama kioo. Machozi yalinitoka. Niliyafuta kwa kile kitambaa.

Tangu siku hiyo huenda mara moja kwa mwezi, peke yangu. Mwezi mmoja mgahawa wa piza, mwingine hoteli kubwa ya mjini. Nyumbani nasema kuna kikao cha kikoba. Kila risiti naitia kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, na nyuma yake naandika nilichokula, ili nisisahau. Zipo kumi na moja. Zote pamoja ni kama laki sita na nusu.

Mwezi uliopita mume wangu aliniomba elfu hamsini za kutengeneza gari la rafiki yake ili apate kazi ya muda. Nikamjibu sina. Kwa kweli nilikuwa na pesa ya ada ambayo sikutaka kuigusa. Siku tatu baadaye, akitafuta bisibisi, akalishusha lile kopo.

Alizipanga risiti zote mezani, moja moja, kama karata. Ya juu ilikuwa ya shilingi 66,000, saa 19:42. Swali lake la kwanza lilikuwa la ajabu: "Ulikaa ndani au bustanini?" Nilidhani ananitega. Sikujibu. Akasema, "Hapa ndipo ninapowashusha wageni, mimi nasubiri kwenye gari." Halafu akageuza upande wa nyuma akasoma nilichoandika: "Mvua. Nimekaa mpaka mshumaa ukaisha." Akaniuliza ni nani huyo mwanaume.

Nilimwonyesha kwamba kila kitu kwenye risiti ni kimoja kimoja, supu moja, samaki mmoja. Akasema huyo bwana alilipa bili yake. Siwezi kumlaumu. Ni nani atakayeamini kwamba mama lishe anakula sahani ishirini na mbili za wali nyama kwa jioni moja, peke yake, huku watoto wako nyumbani wanakula makande?

Hajanipiga wala hajanitukana. Analala sebuleni. Nimefikiria kumpeleka pale ili wahudumu wamwambie kwamba huwa naenda peke yangu. Nimefikiria kuacha kabisa na kuomba msamaha. Dada yangu anasema niite wazee. Lakini nakuambia ukweli: kuna usiku naona heri aendelee kudhani nina mwanaume, maana wanawake wenye wanaume husemwa halafu yakaisha, ila mama anayejificha ale vizuri peke yake, huyo ana jina gani? Nisaidie.

Mpishi, Arusha

*

Marahaba, mdogo wangu Mpishi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma jikoni kwangu, nimesimama, nachota kiporo kwenye sufuria kwa mwiko. Nikajitazama, nikavuta kiti, nikakaa. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu ambaye barua yako imemgusa mwenyewe.

Nikikuelewa vizuri, kuna mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja. Mume wako anadhani una mwanaume, na huna. Umekuwa ukimdanganya kuhusu vikao vya kikoba, na hilo ni kweli. Tena una aibu, ambayo nadhani ndiyo nzito kuliko hayo mawili, kwamba ulichokuwa ukikifanya pale mezani ni uchoyo. Naomba tuanze na hiyo aibu, kwa sababu ndiyo inayokufunga mdomo.

Umeuliza mama wa namna hiyo ana jina gani. Mimi nimekulia Kibosho. Kwetu mwanamke akijifungua alikaa ndani miezi mitatu, hagusi jembe wala kuni, analetewa mtori: ndizi na nyama, vimechemshwa vikapondwa mpaka ukavimeza bila kutafuna. Nilikuwa mtoto wa kutumwa, nakipeleka kibakuli kwa shangazi yangu, na nilikatazwa kukidokoa njiani. Chakula kile kilikuwa chake peke yake. Watoto wengine ndani ya nyumba walikula makande, na hakuna aliyemwita shangazi mchoyo. Aliitwa mzazi. Watu walijua kwamba mwili uliotoa kingi unahitaji kurudishiwa, na kwamba hauwezi kujirudishia wenyewe ukiwa umeinamia jiko.

Nakuambia na jambo jingine, maana wewe ni mtu wa chakula na litakufurahisha. Neno restaurant, kule Ufaransa lilikotoka, mwanzoni halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la supu, mchuzi mzito wa nyama wa kumrudishia nguvu mtu aliyechoka au mgonjwa. Kabla ya hapo msafiri aliyetaka kula nje alikaa kwenye meza kubwa ya nyumba ya wageni, saa iliyopangwa, akala kilichopikwa pamoja na wote. Miaka ya 1760, Paris, zikaanza kufunguliwa nyumba za kuuza ile supu, na upya wake ulikuwa huu: unakuja saa unayotaka, unapewa meza yako ndogo, unachagua mwenyewe kwenye orodha, unalipia chako. Kwa hiyo yule dada aliyeondoa glasi ya pili hakukuvunjia desturi ya mahali pale. Meza hizo tangu mwanzo ziliwekwa kwa ajili ya watu wachovu, na mtu aliweza kukaa peke yake.

Sikuambii haya ili ushinde kesi. Nakuambia ili ukienda kuzungumza na mumeo, usiende kama mtu aliyefumaniwa. Kuna tofauti kubwa kati ya kukiri uongo na kukiri njaa. Uongo ulikuwepo, na unastahili kuombewa msamaha bila maelezo mengi: "Nilikwambia ni kikoba, haikuwa kikoba." Ila ile haja ya kutengewa chakula mara moja kwa mwezi, sioni ni kwa nini uiombee msamaha.

Hapa lakini naomba nikuulize kitu kwa upole. Unaandika kwamba nyumba unaibeba masika, na kwamba hamjawahi kugombana kwa hilo. Je, mmewahi kulizungumza? Hamkugombana, sawa, lakini inawezekana kila mmoja amekuwa akinyamaza upande wake. Wewe ulinyamaza ukatafuta meza. Yeye alinyamaza akawa anakaa nyumbani, mikono mitupu, anasikiliza mvua kwenye bati, akihesabu siku za mwezi wa sita. Akakuomba elfu hamsini, si za kunywea, za kutafutia kazi. Ukamwambia huna. Siku tatu baadaye akaiona 66,000. Najua pesa ya ada haiguswi, na ulikuwa na haki ya kuilinda. Lakini yeye hakuambiwa kwamba ipo ila ina kazi yake. Aliambiwa haipo. Hesabu aliyoifanya pale mezani pengine haikuwa ya mwanaume mwingine tu.

Sasa narudi kwenye lile swali uliloliita la ajabu. Mtu anayeamini kwamba mkewe alikuwa na mwanaume huuliza kwanza, ulikuwa na nani. Yeye aliuliza, ulikaa ndani au bustanini. Mdogo wangu, hilo si swali la mpelelezi. Nahisi, na ninaweza kukosea, kwamba ni swali la mtu anayeijua ile bustani kwa kuitazama kutoka kwenye maegesho. Amewafungulia wageni mlango wa gari pale mara ngapi? Ameziona taa kwenye miti, amesikia glasi zikigongana, halafu amerudi kwenye usukani akala alichobeba, akasubiri saa mbili, akatabasamu wageni walipotoka. Ni kazi yake na ameifanya kwa heshima. Halafu siku moja anakuta kwamba mkewe, anayelala naye kitanda kimoja, ameshaingia. Amekaa. Tena, ukijumlisha na migahawa mingine, mara kumi na moja. Wala hakumwambia pakoje ndani.

Kama hisia yangu ina ukweli, basi wivu wake una sura mbili, na hiyo ya mwanaume ndiyo iliyo rahisi kuisema. Wanaume wetu wamefundishwa namna ya kusema "ni nani huyo". Hakuna aliyewafundisha namna ya kusema "na mimi nilitamani".

Umenitajia njia kadhaa, acha nizipitie pamoja nawe.

Kumpeleka ili wahudumu watoe ushahidi, naiona ina hatari kubwa kuliko inavyoonekana. Yule dada atasema kweli, "Mama huwa anakuja peke yake." Lakini mtu mwenye shaka anaweza kusema umempanga. Na hata akiamini, atakuwa ameingia mahali pale kwa mara ya kwanza kama mshitaki, mbele ya wafanyakazi ambao kesho atawapelekea wageni wake. Arusha ya madereva ni ndogo. Ataibeba aibu hiyo kila akiegesha.

Wazee nao wana nafasi yao, na sidharau ushauri wa dada yako. Ila fikiria watakachokisikia. Wakiletewa habari ya mke aliyekutwa na risiti za usiku, watakuwa na jawabu tayari kabla hujafungua kopo. Na wakikuamini, huenda wakaamua kwamba uache kwenda, kikao kikafungwa kwa chai, na wewe ukarudi kwenye sufuria na kimya kilekile. Wapo wazee wenye hekima ya kusikiliza jambo kama hili. Unawajua wa kwenu kuliko mimi.

Kuacha kabisa kunaweza kuleta amani ya haraka. Lakini ninavyoisoma barua yako, mkono wako ulikuwa unatetemeka kwa furaha ulipofika kwenye ile sukari inayopasuka kama kioo. Mtu akikatiwa kitu cha namna hiyo, asipokitafuta tena kwa siri, atakidai kwa namna nyingine: kwa ukali kwa watoto, kwa kuhesabu kila anachokula mumewe masika. Unaweza kupunguza. Unaweza kusimama miezi hii ya mvua, mkakubaliana. Hilo ni tofauti na kuacha kwa sababu ya hofu.

Kuna njia ambayo hukuitaja, nayo ni kuvisoma vile vikaratasi. Uviweke mezani wewe mwenyewe safari hii, ugeuze nyuma, umsomee. "Supu ya maboga, wametia tangawizi." "Samaki, ngozi imekauka." Soma na ile ya mshumaa, umweleze ulikuwa unawaza nini mvua ikinyesha. Mapenzi ya siri hayaandikwi hivyo, na mwanaume aliyekula mapishi yako miaka yote hii ataisikia sauti yako humo, sauti ya mpishi anayeonja. Hatari ipo. Anaweza kusema, "Kwa hiyo ulikula wewe, watoto wakala makande." Neno hilo litauma. Ukijiandaa kulisikia bila kurusha jingine la masika na nani analisha nyumba, mazungumzo yanaweza kwenda mbele. Ukilirusha, sidhani kama atarudi kitandani hivi karibuni.

Halafu, baadaye, si wiki hii, lipo suala la kumwalika. Hapo napo naomba uwe mwangalifu kwa pande zote mbili. Ukianza na meza ya vitambaa na uma tatu kushoto, anaweza kujiona anafanyiwa mtihani. Mjini kuna kwa Khan's, ambako mchana ni gereji na jioni moto unawashwa, kuku wanachomwa nje na saladi zimepangwa mezani. Dereva hawezi kujisikia mgeni mahali panaponukia oili na mkaa kwa pamoja. Lakini pale unajipakulia mwenyewe, na wewe ulichokwenda kukitafuta ni kupakuliwa. Kwa hiyo itakuwa jioni yake zaidi kuliko yako, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujatoka nyumbani. Ukimpeleka bustanini kwenyewe, muulize yeye anataka kukaa wapi. Na kabla ya yote hayo jiulize kama unataka kweli kuigawa ile meza. Inawezekana jibu ni hapana. Inawezekana unataka kumi na moja ziwe zako, na moja iwe yenu. Unaruhusiwa kutaka hivyo, mradi liwe jambo linalojulikana, lenye kiasi chake mlichokipanga, kama pesa ya vocha au ya saluni, na jina la kikoba lisitajwe tena.

Nakushukuru kwa kunieleza kwamba hajakupiga wala kukutukana. Hasira yake ikibadilika, akaanza vitisho au kukufuatilia kibandani, nenda kwa dada yako kwanza, na ujue kwamba vituo vya polisi vina dawati la jinsia. Natumaini hutalihitaji, lakini nisingelala vizuri bila kulisema.

Jambo la mwisho ni la haraka kidogo. Karatasi za risiti za EFD hufutika zikikaa, hasa jikoni kwenye joto na mvuke. Chukua daftari la mtoto, unakili yale uliyoyaandika nyuma pamoja na tarehe zake, kwa wino. Na mwezi wa sita, wageni wakianza kurudi naye akiwa anapakia gari kwenda porini, niandikie tena. Nataka kujua ulimjibu nini kuhusu bustani.